Macho ya Bathsheba

Bathsheba alikuwa fundi wa nguo, na kwa miaka mingi cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka langu la vitambaa hapa Rongo. Nilimpa nafasi ile kwa kumwonea huruma, nikidhani atakaa mwezi au miwili kisha atafute pengine. Akakaa mpaka wateja wakawa hawajui duka ni la nani. Mtu akija kutaka kitambaa cha yunifomu humuuliza yeye bei, na akinikuta mimi peke yangu huniuliza, "Mwenyewe ameenda wapi?" Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikazoea, maana hata mimi nilikuwa siagizi mzigo kabla sijamuuliza.

Hapa mjini wenyeji ni Wajaluo, na yeye alikuwa Mkisii, kwa hiyo walimwita Nyakisii, binti wa Kisii. Mimi ni wa Mombasa. Wananiita Mama Yassir wakinipenda, na "yule Mswahili" wakiona bei yangu haishuki. Basi tulikuwa wageni wawili kwenye baraza moja. Ijumaa mchana mimi nikienda kuswali yeye alinishikia duka; Jumamosi yeye akiwa kanisani kwa Wasabato mimi nilimpokelea nguo za wateja wake na kuwadanganya kwamba zimebaki vifungo tu.

Alikuwa na ulimi, na alijisifu kwa jambo moja tu, macho yake. Sisi wanawake wa rika letu tukitaka kusoma meseji tunanyoosha mkono mpaka simu inakaribia kumgonga mpita njia. Yeye, hamsini imempita, alikuwa akitunga uzi mweusi kwenye sindano jua likiwa limeshazama, bila miwani, huku akinisimulia habari za watu. Akimaliza hunigeukia na kusema, "Na wewe endelea kutafuta hiyo miwani, iko juu ya kichwa yako."

Mumewe anaitwa Okemwa. Ni fundi wa mjengo, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Mungu hakuwajalia mtoto. Ndugu wa mume walimshauri Okemwa aongeze mke, wakamshauri tena, na yeye kila mara aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akarudi kwa Bathsheba. Nimeishi na watu wengi wa dini, wa kwangu na wa kwao, na sijaona ndoa iliyonipa wivu kama ile.

Jicho moja la Okemwa liliharibika utotoni kwa surua. La pili lilikwaruzwa na jani la muwa. Walikuwa wamekodi kishamba cha miwa nje ya mji, akaingia kupalilia, jani likampiga. Huku watu wanachanjwa na majani ya miwa kila siku, hakuna anayekimbilia hospitali. Alinunua dawa ya matone dukani, akaitia, akaendelea na kazi. Jicho likavimba, likatoa usaha, na walipofika kwa daktari kile kioo cha mbele, konea wanaiita, kilikuwa kimeshafanya kovu jeupe. Basi mwanamume aliyekuwa akisimamisha ukuta wa ghorofa akawa anaulizia mlango uko wapi.

Miaka ile ya upofu Bathsheba alimleta kila asubuhi kwenye baraza yangu, amemshika mkono. Alimketisha kwenye benchi, akampa nguo kuukuu azifumue kwa kupapasa. Siku nyingine Okemwa alifumua na pale pasipotakiwa kufumuliwa. Bathsheba hakumwambia. Akimwona amesinzia huichukua nguo taratibu, akaishona upya, akairudisha mapajani pake.

Halafu siku moja walipigiwa simu kutoka hospitali ya macho Nairobi, ambako jina la Okemwa lilikuwa limekaa kwenye orodha ya wanaongoja konea mpaka tukalisahau. Kuna mtu amekufa, konea yake imepatikana, aje haraka. Wakaenda. Okemwa aliporudi alisimama mbele ya baraza, akamtazama mke wake muda mrefu, kisha akasema, "Bathsheba, umezeeka." Yule mwanamke alicheka mpaka akaangua kilio, na mimi nikalia pale kaunta, na mteja niliyekuwa nikimkatia kitambaa akalia bila kujua analilia nini.

Tangu siku hiyo Bathsheba alikuwa na swali moja juu ya mwenye konea ile. Ni nani? Mwanamume au mwanamke? Alikuwa na watoto? Hospitali hawasemi, na ni haki yao kutosema. Lakini yeye alikuwa anashona, mara anasimamisha cherehani na kusema, "Mama Yassir, yule mtu pengine alikuwa mwalimu." Kesho yake alikuwa dereva. Alikuwa anamtafuta wa kumshukuru, na hakumpata.

Akaamua kwamba naye akifa macho yake yatolewe wapewe wasioona. Alimuuliza muuguzi mmoja wa hospitali ya misheni, Gichana, ambaye sisi sote tunamwita daktari na yeye amechoka kutukataza. Gichana akamweleza kwamba mtu mzima mwenye akili zake akisema jambo hilo mbele ya mashahidi wawili, neno lake lina uzito wa kisheria. Ila akamwonya kwamba konea haikai. Mtu akifa, wataalamu wanatakiwa waitwe siku ileile, tena mapema.

Shahidi wa kwanza akanichagua mimi. Nilimkatalia papo hapo. Nilimwambia kwetu maiti haichezewi. Huoshwa, huswaliwa na huzikwa siku ileile, na mwili ni amana ya Mungu. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sijakuuliza ya kwenu. Nimekuuliza kama utasema ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba ni mimi nimetaka. Watu huacha watoto, Mama Yassir. Mimi nitaacha hii macho."

Nikakubali. Sikukubali yale macho, nilikubali kusema ukweli, na hilo dini yangu inaniamuru.

Shahidi wa pili alimchagua kwa makusudi, na mimi nikadhani ni werevu. Alimwita Machuki, kaka mkubwa wa Okemwa, mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo ule. "Huyo ndiye atakataa," aliniambia. "Wacha asikie kwa mdomo yangu, nikiwa hai." Machuki akaja na kofia yake, akaketi kwenye benchi, na Okemwa akaketi kando yake. Bathsheba akasimama, akasema habari yake yote bila kutikisika. Machuki alikuwa akigeuzageuza kofia yake. Mwisho akasema, "Nimesikia." Akavaa kofia, akaenda zake. Bathsheba alifurahi, akanunua soda, tukanywa wote watatu.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka huohuo. Miguu ilivimba, akawa hapandi ngazi. Alishona akiwa ameweka mto mgongoni. Okemwa akapata kazi ya kujenga duka la mtu kisiwani Remba, kule ziwani, akasitasita kwenda. Bathsheba ndiye aliyemfukuza. "Utakaa hapa unaniangalia ndiyo nipone?" Alipolazwa hospitali ya misheni alimpigia simu mwenyewe, akamwambia ni dawa tu anaongezewa, asiache kazi.

Alifariki asubuhi. Nilikuwa nimempelekea uji. Nikakuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda, na Mong'ina, mke wa Machuki, amekaa sakafuni na kanga mdomoni ili sauti isitoke. Machuki alikuwa amesimama dirishani. Kwetu pale ningesema maneno ya kumrejesha kwa Mola wake, nikaulizia kaburi linachimbwa wapi. Nilishika mguu wa Bathsheba juu ya shuka. Bado ulikuwa na joto, nikauminya kama mjinga, kana kwamba atanigeukia aniambie namkandamiza.

Gichana alikuja, macho mekundu, akatutoa nje kwenye korido. "Mama Yassir, mzee, ninyi ndio alisema mbele yenu," akasema. "Nipigie wale watu wa macho sasa? Wako Kisumu, watakuja."

"Piga," nikasema.

"Ngoja," akasema Machuki.

Nilimkumbusha kwamba alikuwepo barazani siku ile. Hakukana. Ni lazima nimtendee haki, hakuwahi kukana. "Nilisema nimesikia," alinijibu. "Sikusema nimekubali. Lakini mimi si mwenye mke. Mwenye mke ndiye atasema. Okemwa akisema ndiyo, mimi nitanyamaza."

"Basi mpigie Okemwa."

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo. "Mtu haambiwi kifo ya bibi yake kwa simu."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijaniisha mpaka leo. Nimeishi huku miaka mingi, desturi hii naijua. Mtu akifiwa hawamwambii. Humwambia mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo. Anaanza safari akiwa na tumaini, na kila anayempigia njiani anamwongezea uongo mdogo wa kumfikisha mbele kidogo. Akifika nyumbani anakuta viti vya kukodi uani, ndipo wanamshika mabega. Wanafanya hivyo kwa upendo. Machuki alikuwa na binamu aliyepigiwa simu ya kifo cha mama yake akiwa juu ya pikipiki, akaingia nayo mtaroni, na mpaka leo anatembea kwa gongo. "Na huyu yuko ng'ambo ya maji," Machuki alisema. "Unataka apande boti na hiyo maneno ndani ya kichwa? Nitazika wawili?"

Gichana akamsihi. Alimweleza kwamba sheria inamtambua marehemu na neno lake, lakini hakuna mtaalamu atakayemgusa mtu huku ndugu zake wamesimama mlangoni wanakataa. Angalau mume asikike kwa simu aseme ndiyo, inatosha. Machuki akarudia lile lile. Mwenye mke ndiye atasema, na mwenye mke haambiwi kwa simu. Mlango ni mmoja, na yeye mwenyewe ameufunga na kukalia ufunguo. Nilimwambia hivyo, kwa sauti, pale koridoni mbele ya wagonjwa.

Machuki akatoka uani, akapiga simu mbele yangu. Alibadilisha sauti kabisa, ikawa sauti ya mtu aliyetoka kunywa chai. Alizungumza Kikisii na Kiswahili vikichanganyika, kwa hiyo nilielewa. Alisema Bathsheba amechoka kidogo ila hajambo. Kuja, lakini usikimbie. Na ili uongo ule upate miguu akauongezea: "Amepata hamu ya kula. Anaitisha samaki ya huko. Tafuta mzuri."

Sikungoja. Nilikwenda nyuma ya jengo la maabara, nikampigia Okemwa mimi. Alipokea haraka, na furaha ya sauti yake ilinikata maini.

"Mama Yassir! Umesikia? Anataka samaki. Nangoja boti za wavuvi wa ngege zirudi nichague."

"Shemeji," nikasema, "kaa chini. Bathsheba ametutoka. Amefariki asubuhi hii. Daktari anataka ruhusa yako kwa ajili ya macho. Sema neno moja tu."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemhurumia mwenzake. "Hapana, mama. Kaka yangu ameniambia sasa hivi ameitisha samaki. Umeona mgonjwa mwingine. Ngoja niulize Machuki."

Akakata. Nilirudi mbio uani na kumkuta Machuki simu sikioni. Nilimsikia akisema, tena kwa upole, "Huyo mama amechanganya na mgonjwa wa kitanda ya pili. Usiwe na wasiwasi." Nilimnyang'anya simu. Nilipoiweka sikioni ilikuwa imeshakatika. Nilipiga tena na tena kwa yangu, haikupokelewa. Baadaye ikawa haipatikani kabisa. Gichana alijaribu, hakupatikana. Tulikuja kujua kwamba alikuwa ameizima ili chaji isimwishie njiani, maana Machuki alimshauri hivyo.

Okemwa alingoja boti za wavuvi. Boti ya asubuhi ya kwenda Mbita ilimwacha kwa sababu alikuwa bado hajampata samaki aliyemridhisha. Alipanda ya mchana. Alifika Homa Bay magari ya Rongo yamekwisha, na mtu ambaye mkewe hajambo, anayeambiwa asikimbie, hana haja ya kuhangaika; alilala pale, akawaomba wenye hoteli wamwekee samaki kwenye barafu. Siku nzima Gichana alikuwa akija mlangoni pa wodi kunitazama, nami nikitikisa kichwa. Jioni aliniambia, "Imetosha, Mama Yassir. Nenda nyumbani." Nilikwenda, na sikumjibu Suleman, mume wangu, hata salamu.

Kesho yake Okemwa alifika. Watu wa kanisa walikuwa wamejaa uani pa hospitali, wamevaa nguo zao za heshima, na alipowaona tu alijua. Machuki alimwendea na kumshika mabega kama ilivyo desturi. Mong'ina akaanza kulia kwa sauti aliyokuwa ameizuia tangu jana yake. Nilidhani Okemwa ataanguka. Hakuanguka, bali aliangaza macho juu ya vichwa vya watu mpaka akaniona.

"Mama Yassir," akasema, "macho yalichukuliwa?"

Mbele ya watu wote. Hakuuliza amekufa saa ngapi, wala alisema nini. Gichana ndiye aliyesogea mbele, akamwambia kwamba tangu jana asubuhi walikuwa wakimtafuta, na sasa konea zimekwisha kuharibika, hakuna daktari anayeweza kuzitumia.

"Jana asubuhi," Okemwa akasema. Alimgeukia kaka yake. "Uliniambia anaitisha samaki."

"Nilikuonea huruma," Machuki akasema. Mzee wa watu alikuwa analia, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola. "Ulikuwa juu ya maji, ndugu yangu. Ningekuambia aje?"

"Ulinionea mimi huruma. Na yeye je?"

Okemwa akaweka kidole chini ya lile jicho lake moja. "Huyu aliyenipa hii, watu wake pia walikuwa wanalia. Waliambiwa. Wakasema ndiyo wakilia. Nani aliwaficha hao?"

Hakupandisha sauti, na nadhani angepiga kelele ingekuwa nafuu. Watu waliinamisha vichwa. Mimi niliyemkataza Bathsheba, niliyemwambia maiti haichezewi, nilikuwa nalia kwa ajili ya macho yale kuliko mtu yeyote pale. Bado sijui sheikh wangu angeniambia nini, na sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba mwenzangu alisema anachotaka akiwa na akili zake, akasimama wima akakisema, akatuchagua sisi wawili tusikie, na haikumsaidia kitu. Hakuna aliyemchukia. Kila mtu mle ndani alimpenda, na kati ya wote hao hakupatikana wa kumtii.

Okemwa aliomba aonyeshwe. Nilikwenda naye, kwa kuwa alinishika mkono na hakuuachia. Mhudumu wa chumba cha maiti alifunua shuka. Okemwa aliinua kope za mkewe kwa kidole gumba, moja, kisha ya pili, na alitazama kwa muda, halafu akazifunga mwenyewe.

Kilio kilifanyika kwao Kisii, upande wa Ogembo. Watu walikuja wengi, hata wateja wake wa Kijaluo walikodi gari, na wanawake watatu walikuwa wamevaa magauni aliyoyashona yeye. Mchungaji alihubiri vizuri. Machuki alizungumza kwa niaba ya ukoo, akashukuru kila mtu, na akasema Okemwa ameyapokea kwa ujasiri. Watu waliitikia amina. Nilimtafuta Okemwa kwa macho, nikamwona ameketi mbele kabisa, anatazama mikono yake. Kisha wakapita mstari kumwona marehemu, na mama mmoja nyuma yangu akasema kwa kuridhika kwamba amelala vizuri, hakuguswa popote.

Tulimzika Bathsheba Jumapili, mzima, na macho yake yote mawili.